Kufunga beleshi, shoka na jeki nje ya Land Rover ya Series

Bodi ya Land Rover ya Series, kuanzia gari za mwaka 1948 hadi Series III iliyotoka 1971, ni alumini. Chesisi na ukuta unaotenganisha injini na abiria ni chuma. Ukilifahamu hilo, nusu ya maswali ya mahali pa kufunga vifaa yamejibika: kitu chepesi kinaweza kukaa kwenye bodi kikiwekewa bati la kuegemea, lakini kitu kizito lazima kishike chuma. Beleshi lina kilo mbili tatu tu. Jeki ndefu ya Hi-Lift ya inchi 48 ina kilo 13 hivi, na kwenye barabara ya rasta (yenye matuta madogo mfululizo) kilo hizo 13 hupigapiga bila kupumzika kilomita baada ya kilomita. Alumini haipindi ikarudi kama chuma. Inachoka, inachanika kuanzia kwenye tundu la bolti, na ufa ukishaanza hauishi kwa kukaza nati.

Tuanze na beleshi, maana ndilo kila mtu hulitaka. Jeep ya Willys MB ya Vita Kuu ya Pili ilibeba beleshi na shoka ubavuni kushoto, na kwa Series upande wa kushoto pia ndio unaofaa, ingawa sababu ni nyingine: kwenye 88 na 109 nyingi (namba hizo ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) tangi la mafuta liko chini ya kiti cha kulia na mdomo wa kujazia mafuta uko upande huohuo. Kulia utahangaika kila ukifika kituo cha mafuta, na drili yako itakuwa inazunguka karibu na tangi. Gari za abiria za 109 zina tangi nyuma, kwa hiyo hizo zikague peke yake.

Mahali pazuri ni ubavu wa bodi ya nyuma, juu ya usawa wa mabenchi ya ndani. Hapo bati ni tabaka moja na mkono unafika pande zote mbili. Usiende kwenye madigadi ya mbele kama una nafasi nyuma. Madigadi ni jepesi, linatikisika, na ncha za bolti zinaingia kwenye eneo la tairi. Ukilazimika kuyatumia, kata usukani mpaka mwisho pande zote mbili, kisha kumbuka kwamba springi ikibonyea tairi litapanda juu zaidi ya unavyoliona gari likiwa limesimama.

Kata kwanza umbo la beleshi kwa boksi, ulibandike kwa utepe wa karatasi wenye gundi, ufungue na kufunga milango yote. Milango ya mbele hufunguka kuelekea mbele, ya nyuma ya 109 vivyo hivyo, na mpini mrefu huziba mlango kirahisi sana. Tumbo la beleshi lielekee bodi. Likitazama nje hubeba tope na kunasa matawi ya vichakani.

Breketi ziwe tatu na kila moja iwe na kazi yake. Ya kwanza ni mfuko wa chuma unaopokea ncha ya beleshi. Huu ndio unaozuia lisiende mbele wala chini. Ya pili ni kikalio cha umbo la U katikati ya mpini. Ya tatu, karibu na mwisho wa mpini, ina mkanda. Mkanda kazi yake ni kulibana beleshi kwenye bodi tu, haupaswi kubeba uzito. Wanaofunga kwa mikanda miwili mitupu hugundua baada ya safari ndefu kwamba mpini umeteleza na rangi imekwanguka hadi kwenye alumini. Flatibaa (chuma bapa) ya milimita 30 kwa 3 inatosha kwa vyote vitatu, na ikipakwa zinki kiwandani ni bora zaidi, kwa sababu zinki na alumini hazigombani sana.

Ugomvi wenyewe ni huu. Chuma kikigusana na alumini pakiwa na unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona rangi imevimba kuzunguka breketi, ukiikwangua unatoka unga mweupe. Kwa gari la Tanga, Mombasa au Dar es Salaam chumvi ya hewani huharakisha kazi hiyo. Kipande cha mpira wa tyubu kati ya breketi na bodi ni lazima, lakini hakitoshi: bolti yenyewe inagusa ukingo wa tundu. Toboa tundu la milimita 10 kwa bolti ya milimita 8, ingiza kipande cha bomba la plastiki kama gamba, kikatwe kifupi kidogo kuliko unene wa bati na mpira kwa pamoja. Ukingo wa tundu upakwe praima (rangi ya msingi) ya alumini kabla ya hapo, na unga wote wa drili ufutwe, kwani chembe za chuma zikibaki zitaanzisha kutu papo hapo.

Ndani weka bati la alumini la sentimita 8 kwa 8, unene milimita 3, pembe zikiwa zimeviringwa. Kichwa cha bolti kiwe cha mviringo na kikae ndani, kwa sababu abiria huegemea hapo, na nati yenye nailoni ikae nje unapoweza kuiona. Kaza mpaka mpira uanze kutoka pembeni kidogo, basi. Ukizidisha, bati linabonyea na maji yanapata bakuli la kutuama.

Shoka lifuate mpango huohuo, ila makali yawe ndani ya ala iliyofungwa na yaelekee chini, kamwe yasielekee mbele.

Jeki iende kwenye bampa la mbele. Simamisha nguzo mbili za flatibaa ya milimita 50 kwa 6 pale bampa linapofungwa kwenye chesisi, kila nguzo na bolti inayopita kwenye matundu ya jeki yenyewe, halafu nati ya masikio na kufuli. Ilale chini kadiri inavyowezekana. Kwenye gari za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 taa ziko kwenye grili na jeki huzikata mwanga, na kwa gari zote hupunguza hewa ya rejeta. Bampa la Series pia lina tundu la hendeli ya kuwashia injini. Hakikisha jeki inatoka haraka, la sivyo hendeli haitazunguka. Mashine ya jeki ivalishwe mfuko wa turubai. Vumbi likishaingia kwenye pini zake, jeki hupanda na kugoma kushuka. Ipake mafuta mepesi, grisi hukusanya mchanga.

Mipini ya mbao inayokaa juani ipakwe mafuta ya kitani, kwa kuwa mbao zikikauka vichwa hulegea. Mpira mpya hubonyea, kwa hiyo kaza nati zote tena baada ya kilomita 100 za mwanzo, kisha chora mstari wa rangi kuanzia kwenye nati hadi kwenye breketi. Mstari ukikatika, nati imezunguka.