Chai ya bei ya kutupwa

Jumatano na Jumamosi ni siku za soko hapa Tengeru, kwa hiyo saa kumi alfajiri birika langu liko motoni. Wiki hii yupo mtoto wa kaka yangu, kidato cha nne. Amekuja kunisaidia, na daftari la historia kaja nalo. Mimi naponda tangawizi, yeye anasoma kwa sauti: usiku wa tarehe 16 Desemba 1773, watu wa Boston, mji katika makoloni ya Mwingereza kule Marekani, walipanda melini wakatupa baharini masanduku 342 ya chai.

"Ilikuwa imepanda bei?"

"Hapana, shangazi. Ilishuka."

Nikaweka mchi chini. Mimi nanunua majani kwa kilo, najua punguzo la shilingi mia mbili lina raha gani. Nani anamwaga chai rahisi?

Akanieleza. Bunge la London liliiruhusu Kampuni ya East India iuze chai yake kule kwa bei ya chini, ila ushuru wa peni 3 kwa kila ratili ukabaki. Na makoloni hayakuwa na mbunge hata mmoja ndani ya Bunge hilo. Mwaka 1765 walishatozwa kodi ya stempu, kuanzia magazeti hadi karata. Waligoma, ikafutwa 1766, lakini papo hapo Bunge likatangaza lina haki ya kuwatungia sheria yoyote. Sasa ukinywa chai ile, umeikubali haki hiyo.

Basi nikamkumbuka bibi. Novemba 1951 serikali ya Mwingereza iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili walowezi wafuge ng'ombe. Nyumba zikachomwa. Walielekezwa Kingori, kwenye joto. Moto bibi aliutaja kidogo tu. Alichorudia mpaka tukachoka ni fidia. "Pesa ni pesa, ila ukiipokea umeuza." Walikataa. Wakachangishana wao, na 1952 Kirilo Japhet akaenda New York na wakili Earle Seaton kuishtaki serikali mbele ya Umoja wa Mataifa, maana Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wake. Ardhi haikurudi safari ile. Lakini Japhet alirudi na habari za kusimulia, na 1954 TANU ikazaliwa.

"Na hao wa Boston?"

"Bandari ilifungwa 1774 mpaka chai ilipwe."

"Walilipa?"

"Wapi! Aprili 1775 risasi zikaanza kulia."

Dereva wa bodaboda akaingia, chai ya rangi na chapati mbili, akaomba nimwandikie. Nilitafuta daftari la madeni. Lilikuwa chini ya lile la historia.