Nyumba ya ruzuku ipangishwe?

Rafiki yangu alipata nyumba ya bei nafuu kupitia mpango wa serikali. Sasa kazi inamhamishia mbali, na jana aliniuliza kama aipangishe. "Si nyumba yangu? Mkopo nalipa mwenyewe," alisema. Sikumjibu papo hapo. Usiku nimelala nikiliwaza.

Nyumba ni yake, sikatai, ila si jasho lake peke yake lililoijenga. Bei ilishuka kwa sababu umma ulibeba sehemu iliyobaki: ardhi, barabara, mabomba ya maji, riba nafuu ya mkopo. Akiipangisha kwa bei ya soko, ule mchango wa umma unageuka kuwa kipato chake cha kila mwezi. Na atakayepanga ni nani? Aghalabu ni mtu wa hali kama yake, aliyeomba nyumba kwenye mpango uleule akakosa. Huyo alishachangia ruzuku kwa kodi anazolipa serikalini, kisha anamlipa tena aliyebahatika. Hili linaniuma kuliko hoja nyingine zote.

Uingereza wameyaona haya. Sheria ya Makazi ya mwaka 1980 iliwapa wapangaji wa halmashauri haki ya kununua nyumba walizoishi, kwa punguzo la kuanzia asilimia 33 hadi 50. Familia nyingi zilinyanyuka kwa sheria hiyo, lazima niseme hivyo. Lakini nyingi ya nyumba hizo baadaye zikaangukia mikononi mwa wapangishaji binafsi, na zipo halmashauri za London ambazo leo zinalipa pango kwenye nyumba zilizokuwa mali yao ili kuwahifadhi wasio na makao.

Singapore wameshika njia nyingine. Huko karibu watu 8 kati ya kila 10 huishi kwenye nyumba zilizojengwa na shirika la umma la HDB. Kwa kawaida mwenye nyumba hukaa mwenyewe miaka 5 kwanza ndipo aweze kuomba kibali cha kuipangisha nzima, ingawa kupangisha chumba huku akiishi humo kunaweza kuruhusiwa mapema. Nyumba mpya za maeneo yanayogombewa zaidi, zenye ruzuku kubwa zaidi, zina muda wa miaka 10, na hata ukiisha haziruhusiwi kupangishwa nzima. Nakubaliana nao: aliyepewa zaidi abanwe zaidi.

Hata hivyo siungi mkono marufuku tupu. Palipo na marufuku, watu hupangisha kwa siri, na anayeumia ni mpangaji. Hana mkataba. Ameambiwa akiulizwa aseme yeye ni ndugu wa mwenye nyumba. Bomba likipasuka hana wa kumlalamikia, na siku wakaguzi wakigonga mlango, yeye ndiye wa kwanza kutolewa vyombo nje, na amana yake ndiyo basi tena. Tena kuna watu wanaoondoka kwa sababu za kweli, kama kumuuguza mzazi au kufuata kazi. Kuwalazimisha wafunge nyumba ikae tupu ilhali wengine hawana pa kulala ni ukatili usiomsaidia mtu.

Leo jioni nimempigia. Nimemwambia aombe kibali cha maandishi, apangishe kwa muda maalumu, amtafute mpangaji miongoni mwa waliokosa, na atoze kiasi cha kulipia mkopo na matengenezo tu. Akiona harudi tena, nyumba airudishe kwenye mpango. Akaniuliza, "Na kule niendako nitapanga kwa bei ya soko. Hiyo tofauti nitaitoa wapi?"

Ana haki ya kuuliza. Nimefikiri, nikamwambia basi aongeze kidogo kupunguza pengo hilo, mradi mpangaji aoneshwe hesabu yote na mkataba uwe na tarehe ya mwisho. Kesho anaandika barua ya kuomba kibali.