Mbwa wa Tobia

Tarehe 29 Septemba Kanisa linawaadhimisha Malaika Wakuu Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli. Rafaeli tunamjua kupitia Kitabu cha Tobiti, na humo yumo msafiri mwingine ambaye mahubiri mengi humruka: mbwa.

Isomeni tena safari ile. Mzee Tobiti ni kipofu tangu kinyesi cha ndege kimdondokee machoni. Umaskini umeingia nyumbani. Anakumbuka talanta kumi za fedha alizomwekea Gabaeli huko Media, naye anamtuma mwanawe Tobia akazichukue. Huko mbele yuko Sara, aliyefiwa na waume saba, kila mmoja akiuawa na pepo usiku wa arusi. Ni kitabu cha madeni, maradhi na misiba. Katikati ya hayo yote mwandishi anatuambia kijana aliondoka na malaika Rafaeli, na mbwa akafuatana nao. Sura ya 11, wakirudi, anatajwa tena: yuko nyuma yao. Basi. Hakumfukuza pepo, hakuvua samaki mtoni Tigri, hakumponya mzee. Ukimfuta, hadithi haipungukiwi kitu, lakini hakufutwa.

Mtakatifu Yeronimo, tunayemkumbuka kesho yake tarehe 30, alikitafsiri kitabu hiki kwa Kilatini, na mwenyewe anasema alikipa kazi ya siku moja tu. Pamoja na haraka hiyo, katika Kilatini chake mbwa hayuko nyuma tena. Anatangulia mbio kama mjumbe, anatikisa mkia kwa furaha. Napenda kuamini kwamba mzee asiyeona aliujua ujio wa mwanawe kwa kishindo cha mbwa, ingawa hilo ni langu, halimo kwenye Maandiko.

Kwingine katika Biblia mbwa hana bahati. Ni tusi, ni mla mizoga, ndiye aliyemla Yezebeli. Nasi hatuko mbali na hapo: mbwa ni wa ulinzi, anafunguliwa usiku, anafungiwa bandani mchana. Lakini nendeni mkawaangalie watu wakati wanapodhani hakuna anayewaona. Bibi anayeapa kwamba hapendi mbwa ndiye anayemlowekea ukoko wa ugali kwenye mchuzi wa dagaa, tena anaupoza kwanza. Mtoto anasindikizwa hadi barabarani na mbwa wao Simba, na Simba hageuki mpaka basi la shule liondoke. Baba ameshuka kwenye daladala, ada haijatimia, mwili umechoka. Getini anazungukwa na kiumbe ambaye hajui habari za ada, kwake kurudi kwa baba kunatosha. Anacheka kabla hajakumbuka kwamba alikuwa amekasirika. Halafu anauliza kandambili moja imekwenda wapi.

Tukifika kwenye sala ya jioni tunamtajia Mungu deni, mgonjwa na kesi ya shamba. Kicheko kile cha getini hatukitaji, tunaona ni kitu kidogo mno kumpelekea Mungu. Mwandishi wa Tobiti hakuona hivyo. Aliandika talanta, akaandika jeraha la moyo wa Sara, na mbwa akamwandika. Jioni ya leo, kabla ya maombi yenu, shukuruni kwa jambo moja la namna hiyo, na mlitaje kwa jina lake hasa. Msiseme tu “asante kwa siku njema.” Semeni Simba, semeni ukoko.

Na kwa kuwa Mithali 12:10 inamsifu mwenye haki anayejali uhai wa mnyama wake, kumbukeni pia tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ugonjwa huo dalili zikishaanza karibu kila mara huua, na chanjo ipo. Mwulizeni ofisa mifugo wa kata yenu inatolewa lini. Mnyororo mfupi wa mchana kutwa nao ufunguliwe, na maji yawepo bandani.