Mguu ulirudi, moyo tukausahau

Ami yangu kiharusi kilimshika Ramadhani ya 2019, tumemaliza kufuturu tu, kikombe cha uji kikamponyoka na mdomo ukaenda upande. Majirani hapa Majengo wengine wakasema ni upepo mbaya, asomewe kwanza, mamangu ndo akapiga kelele tafuteni tuktuk saa hii! Sukari alikuwa nayo miaka kumi na kitu, presha pia, ila dawa ya presha alikuwa akimeza siku kichwa kikimuuma.

Basi tukapambana na mguu. Kukandwa mafuta, kufinya mpira, kutembezwa alfajiri kabla jua halijawaka, miezi minane hivo, na siku alipokwenda msikitini mwenyewe bila mkongojo mamangu alilia. Sisi tukajua yamekwisha. Mahamri yakarudi, mbaazi za nazi zikarudi, na ile chai ya sukari "kidogo tu" ambayo kidogo chake ni vijiko vitatu.

2022 akaanza kuchoka. Akipanda ngazi anahema kama katoka kuvuka Likoni kwa kuogelea, jasho baridi, kichefuchefu, ukimuuliza Ami kifua chauma? Hakiumi. Tukasema gesi, tukampa tangawizi (naona haya hata kuandika). Siku ya tatu akafungwa zile waya za kupima moyo, daktari akasema huyu ashapata mshtuko wa moyo. Bila maumivu ya kifua! Kumbe sukari ya miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, kwa hivo moyo waungua na hakuna wa kupiga mayowe.

La kuniuma zaidi ni kwamba mshtuko huo na kile kiharusi ni ndugu wa tumbo moja. Mishipa ya damu iliyojaa mafuta haiko kichwani peke yake. Aliyepata kiharusi na ana sukari, hatari yake ya kiharusi cha pili, mshtuko wa moyo, au moyo kuchoka kusukuma damu ni kubwa kuliko ya mwenzake asiye na sukari, na inamfuata miaka, si ile miezi ya mwanzo tunayomletea matunda tu.

Mimi nami nilidhani kazi ni kushusha sukari basi, ikishuka zaidi ndo bora. Nikaja kusoma kuna utafiti wa Marekani na Kanada, ACCORD, waliibana sukari ya wagonjwa mpaka kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu (HbA1c) kiwe chini ya asilimia 6, waliobanwa hivo wakafa wengi kuliko wenzao, 2008 wakaisimamisha hiyo njia ya kubana. Daktari wa Ami ataka kipimo hicho kiwe kwenye 7 hivi, anayokazania haswa ni presha, chini ya 130/80, na dawa ya kolestro kila usiku. Hiyo Ami aliiacha mwenyewe 2020, ati kolestro imeshuka, ameze ya nini. Si imeshuka kwa sababu waimeza, Ami?

Sasa ana mashine yake ya presha na huenda nayo barazani baada ya isha, kwenye kahawa, kila mzee avalishwe. Juzi mmoja kasoma 178, akasema mashine mbovu hiyo, akaagiza kashata nyingine.