Kura 3
Jana nimeshindwa uenyekiti wa vijana wa chama chetu, hapa Newala, kwa kura 3. Sijalala vizuri. Kushindwa nakubali, uchaguzi ni uchaguzi. Kinachoniuma ni wajumbe walioitwa pembeni usiku wa kuamkia mkutano, asubuhi wakashindwa hata kunitazama usoni. Wengine nimepalilia nao mikorosho! Takrima, yaani zawadi za wagombea kwa wapiga kura, Mahakama Kuu iliifuta kwenye sheria ya uchaguzi tangu 2006, sisi vijana bado tunapokezana na kuiita "nauli". Mjumbe mmoja, dada wa kijiji cha mbali kabisa, aliikataa mbele yao, akarudi kwao na bodaboda kwa hela yake mwenyewe. Dada yangu, ahsante sana. Uchaguzi ujao nachukua fomu tena.