Kiharusi kinachosikika kabla hakijampiga mtoto

Mtoto mwenye sikoseli (selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi) apimwe mishipa ya damu ya kichwa kila mwaka, kuanzia akiwa na miaka 2 hadi 16, hata kama hajawahi kulalamika kichwa. Ningependa sentensi hiyo ibandikwe ukutani katika kila kliniki kuanzia Nansio hadi Sengerema. Wazazi wengi wa Kanda ya Ziwa wanaujua ugonjwa huu kwa maumivu ya mifupa, macho ya njano na kuongezewa damu. Habari ya ubongo huwafikia siku mtoto anapoamka mkono umelegea, na siku hiyo tumeshachelewa.

Huku kwetu jambo hili ni la kila kata. Mwaka 2020 ulichapishwa uchunguzi wa matone ya damu yaliyokaushwa ya vichanga 17,200 wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Damu hiyo ilikuwa imekusanywa kwa ajili ya kipimo cha VVU, kisha ikapimwa na sikoseli. Waliobeba kirithi (jeni) kimoja cha sikoseli, bila kuugua, walikuwa asilimia 20.3, yaani mtoto mmoja kati ya watano. Wenye ugonjwa wenyewe walikuwa asilimia 1.2. Sababu yake ni ya zamani. Anthony Allison alionyesha mwaka 1954 kwamba mwenye kirithi kimoja ana kinga fulani dhidi ya malaria, ndiyo maana katika Afrika Mashariki sikoseli imejaa kandokando ya Ziwa na Pwani, na inapungua ukipanda nyanda za juu zenye baridi.

Kuhusu ubongo, takwimu iliyowashtua madaktari ilitoka Marekani mwaka 1998: kabla ya kinga yoyote kuanza kutumika, watoto 11 kati ya kila 100 wenye sikoseli kamili (SS, yaani waliorithi kirithi hicho kwa baba na kwa mama) walikuwa wamepata kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kati ya miaka 2 na 5. Huo ni umri wa kujifunza kuongea, kukimbia na kushika penseli.

Kinachotokea ndani ni hiki. Mtoto ana upungufu wa damu, kwa hiyo moyo unasukuma damu nyingi na kwa kasi ili ubongo upate oksijeni ya kutosha. Wakati huohuo chembe zilizopinda kama mundu, na himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, inayomwagika zinapopasuka, zinachubua ngozi ya ndani ya mishipa mikubwa, hasa pale ateri ya shingo inapoingia kichwani na kugawanyika. Ngozi hiyo inanenepa mwaka hadi mwaka na njia inabanwa. Anayemwagilia bustani anajua ukiubana mdomo wa mpira maji hutoka kwa kasi zaidi. Kwa hiyo kasi ya damu kichwani inatwambia mambo mawili kwa pamoja: damu imepungua kiasi gani, na mshipa umebanwa kiasi gani.

Kasi hiyo inapimika bila kumchoma mtoto. Rune Aaslid alionyesha mwaka 1982 kwamba mawimbi ya sauti ya megahezi 2 yanaweza kupenya mfupa mwembamba wa panja na kusoma mwendo wa damu. Robert Adams, kule Georgia, Marekani, akakichukua kipimo hicho na kukipeleka kwa watoto wenye sikoseli. Ndipo likaja jaribio la STOP. Watoto 130 ambao kasi yao ilifika sentimita 200 kwa sekunde au zaidi waligawanywa kwa kura: kundi moja liliongezewa damu kila mwezi, lingine likaendelea na matibabu ya kawaida. Kundi la kawaida lilipata viharusi 11, kundi la damu likapata 1. Jaribio lilisimamishwa mapema mwaka 1997, kwa kuwa isingekuwa haki kuendelea kuwanyima damu wale wengine. Kwa maoni yangu hakuna utafiti wa ubongo wa watoto uliookoa akili nyingi kwa gharama ndogo ya vifaa kama huu.

Kipimo chenyewe, TCD (utrasaundi ya kasi ya damu kichwani), huchukua kama nusu saa. Mtoto analala chali, anapakwa jeli juu ya mfupa wa shavu mbele ya sikio, na mpimaji anaufuata mshipa hatua kwa hatua, milimita 2 kila mara, kulia kisha kushoto, akitafuta kasi ya juu kabisa. Chini ya sentimita 170 kwa sekunde ni salama, rudi baada ya mwaka. Kati ya 170 na 199 ni ya kuangaliwa, irudiwe ndani ya miezi michache. Kuanzia 200 ni hatari, na matibabu yasingoje.

Makosa ya kipimo hiki nayataja yote kwa sababu kila moja linaweza kumdhuru mtoto. Akilia na kuhema sana, hewa ya kaboni dioksidi hupungua mwilini na kasi husomeka chini kuliko ilivyo. Akisinzia, hewa hiyo hupanda na kasi husomeka juu. Mama anayemnyonyesha ili atulie kisha akalala amekiharibu kipimo bila kujua. Afadhali katuni kwenye simu. Homa na upungufu mkali wa damu hupandisha kasi, na damu aliyoongezewa wiki chache zilizopita huishusha, kwa hiyo mtoto aje akiwa mzima, na damu ya karibuni itajwe kabla jeli haijapakwa. Halafu kuna kosa la namba. Mipaka ya 170 na 200 ni ya wastani wa kasi ya juu katika pigo zima la moyo. Anayesoma kilele cha pigo atamtisha mzazi bure. Na mashine ya utrasaundi ya kawaida, ile yenye picha, husoma chini kwa takribani asilimia 10, kwa hiyo kwenye mashine hiyo 185 tayari ni hatari. Karatasi ya majibu lazima iseme ni mashine ipi iliyotumika.

Damu ya kila mwezi inafanya kazi, ila ina masharti magumu. STOP ya pili, mwaka 2005, ilionyesha kwamba ukiisimamisha hatari inarudi: kati ya watoto 41 walioachishwa, 14 walirudi kwenye kasi ya hatari na 2 wakapata kiharusi, kati ya 38 walioendelea, hakuna. Kila mililita ya chembe nyekundu inaacha kama miligramu moja ya chuma mwilini, na baada ya mwaka mmoja hivi mtoto anahitaji dawa ya kukitoa. Na chupa ya damu yenyewe ipatikane kila wiki ya nne, katika kanda ambayo malaria ya watoto na kina mama wanaojifungua wanaitaka damu hiyohiyo.

Hapo ndipo haidroksiyurea inapoingia. Dawa hii huuamsha mwili utengeneze himoglobini ya kichanga, ambayo haipindishi chembe. Jaribio la TWiTCH, mwaka 2016, lilionyesha kwamba watoto waliokuwa na kasi ya hatari, wakaongezewa damu angalau mwaka mmoja, na ambao mishipa yao haikuwa imeharibika vibaya, waliweza kuhamia kwenye dawa hii na kasi zao zisipande. Hofu kwamba haifai penye malaria iliondolewa na REACH, mwaka 2019: watoto 606 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda walitumia dawa, na maumivu, malaria, mahitaji ya damu na vifo vikapungua. Hapa Mwanza, hospitali ya Bugando ikishirikiana na hospitali ya watoto ya Cincinnati ilianzisha SPHERE mwaka 2019, kuwapima watoto wa miaka 2 hadi 16 kwa TCD na kuwapa haidroksiyurea wale ambao kasi imefika 170.

Sasa dozi, maana hapa ndipo kinga nyingi zinapovuja. Kuanzia ni miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku. Kapsuli iliyozoeleka ni ya miligramu 500, kwa hiyo mtoto wa kilo 25 anameza moja, hesabu imekaa sawa. Baada ya mwaka na nusu ana kilo 30 na bado anameza moja: dozi imeshuka hadi 16.7 na hakuna aliyegundua, kwa sababu kapsuli haikubadilika. Kwa kilo 30 anahitaji 600 kwa siku. Wiki moja ni 4,200, ambazo hupatikana kwa karibu ukimpa kapsuli 8 kwa wiki, moja kila siku na mbili siku ya Jumapili. Daktari akipandisha hadi 25 kwa kilo, ni 750 kwa siku: leo moja, kesho mbili. Utafiti wa Kampala uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kupandisha dozi taratibu hadi mwili unapovumilia, karibu 30 kwa kilo, kunaleta nafuu kubwa kuliko kubaki kwenye 20. Kwa upande mwingine, SPRING ya kaskazini mwa Nigeria ililinganisha 10 na 20 na haikuona tofauti iliyothibitika katika viharusi. Mimi nauelewa hivi: penye dawa chache, dozi ndogo ni bora kuliko kukosa kabisa, penye maabara ya kuaminika, pandisha.

Maabara ni ya lazima kwa sababu dawa hii inaweza kuukandamiza uboho, kiwanda cha damu ndani ya mifupa. Picha kamili ya damu ipimwe kila mwezi mwanzoni, baadaye kila miezi miwili au mitatu. Dawa husimamishwa kwa muda chembe nyeupe aina ya nyutrofili zikishuka chini ya 1,000 kwa mikrolita, au chembe sahani, zile za kugandisha damu, chini ya 80,000, kisha inarudishwa zikipanda. Kwenye karatasi hiyohiyo tazama MCV, ukubwa wa chembe nyekundu. Dawa ikinywewa sawasawa, MCV hupanda. Isipopanda baada ya miezi mitatu, uliza kwa upole kabla ya kuongeza dozi: mara nyingi familia ilihamia mwalo mwingine kufuata dagaa na dawa ikaisha katikati ya mwezi. Anayekwenda visiwani apewe ya miezi miwili.

Kucha na viganja vikipiga weusi, hiyo ni dawa, haina madhara. Wapo wanaoiacha kwa sababu hiyo, na wapo wanaoiacha kwa kuwa maumivu yamekwisha. Kwa mtoto asiyeweza kumeza, kuchanganya dawa na maji ni kazi ya mfamasia; mjamzito asiuguse unga wa kapsuli.

Kiharusi kikitokea licha ya yote, dalili ni mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, maneno kupotea, degedege, au kichwa kuuma ghafla kuliko siku zote. Kuchechemea kwa mtoto huyu kusidhaniwe kuwa ni mfupa tu. Damu ianze ndani ya saa mbili baada ya kufika hospitali, huku sukari, malaria na homa ya uti wa mgongo vikichunguzwa. Himoglobini isipandishwe kupita gramu 10 kwa desilita, maana damu ya sikoseli ikiwa nzito inaganda njiani. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari la wagonjwa kutoka Sengerema halingoji tena kivuko. Wa Ukerewe bado wanahesabu saa za majini, nao waondoke mapema, hata kama mkono umeanza kurudi.

Kuna na viharusi vya kimya, vinavyoonekana kwa picha ya ubongo ya MRI pekee. Mtoto haanguki wala hapoozi. Anaanza kusahau, anachelewa kunakili ubaoni, hesabu zinamshinda, na mwalimu anaandika "mzembe" kwenye ripoti. Mtoto huyo akae dawati la mbele, apewe muda zaidi wa mtihani, na apelekwe kupimwa TCD muhula huohuo.

Kwenye daftari lake la kliniki yaandikwe mambo sita kila ziara: tarehe, uzito, dozi kwa kilo, MCV, kasi ya TCD ya mwisho ya kulia, na ya kushoto.