Masaa matano na robo

Jana usiku Mama kanipigia simu kutoka Wete, Pemba. Baada ya salamu na habari za mvua akaniuliza, "Hivi Maskati na Wete, wapi mbali zaidi kutoka hapo Unguja ulipo?"

Nikacheka. Nikamwambia Mama, Maskati kwa mstari wa angani ni kama kilomita 3,900. Wete haizidi 150.

"Mbona dada yako akipanda ndege asubuhi, mchana yupo kwako, na kwangu mimi hafiki mpaka kesho yake?"

Sikuwa na jibu. Nikafungua tiketi aliyonitumia dada. Kuondoka Maskati 09:00, kufika Unguja 13:15. Ukitoa harakaharaka unapata masaa manne na robo, lakini Maskati wametutangulia saa moja, kwa hiyo angani atakaa masaa matano na robo. Akirudi, tiketi itaonesha sita na robo kwa njia ile ile. Ndege kubwa huruka kama kilomita 850 kwa saa, na kwa hesabu hiyo masaa manne na nusu na ushee yangetosha. Dakika zinazobaki zinaliwa na kupanda, kushuka, na kuzungukazunguka uwanjani.

(Tarakimu za tiketi nazo zina mambo. Shemeji yangu mmoja aliona 04:30, akaisoma saa nne na nusu kama tunavyosema sisi. Ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri. Alipofika uwanjani, ndege ishatua zamani huko ilikokwenda.)

Sasa njoo kwenye kipande cha Mama. Dada akitua saa saba na robo mchana, boti ya asubuhi ya Pemba ishaondoka. Kuna ndege ndogo ya kwenda Chake, nusu saa tu, lakini haibebi masanduku yake: halua, udi, mabaibui ya shangazi zote. Basi atalala kwangu, alfajiri tushuke bandarini Malindi, tupande boti mpaka Mkoani, halafu gari, tuikate Pemba nzima kusini hadi kaskazini. Ukijumlisha na kungoja, Maskati ni karibu.

Mama alivyo, hesabu zangu zote hazikumshangaza. Kilichomshangaza ni hayo masaa. Babu alikuwa baharia wa jahazi, na safari ya Maskati haikuhesabiwa masaa wala siku. Kaskazi ikivuma, Disemba mpaka Machi, majahazi yalishuka kutoka Uarabuni. Kusi ikishika, yakapandisha kurudi. Na kusi yenyewe ikichachamaa katikati ya msimu, bahari haiendeki, mtu anangoja ipoe. Mama anasema bibi hakuwa akiuliza Babu atarudi lini. Alikuwa akitoka uani, anatazama minazi imeinamia wapi.

Mimi natazama simu. Kuna programu inakuonesha ndege ya mtu ikitambaa juu ya ramani, na najijua, Ijumaa nitaikodolea macho tangu inaondoka.

Kabla hajakata nikamwambia Mama atutarajie Jumamosi, saa nane mchana.

"Saa nane za kwetu au za tiketi?"

"Za kwetu, Mama."

"Haya. Lakini wali siuteleki mpaka nisikie honi hapo nje."